Nikeli kwenye kiti cha shaba: supakondakta iliyotabiriwa miaka 20 kabla haijaonekana

Chukua utando wa oksidi ya nikeli wenye unene wa nanomita 10 hivi, uliokuzwa kwa leza juu ya kipande cha fuwele. Ufungie ndani ya mrija wa kioo pamoja na unga wa hidridi ya kalisi, kisha upashe moto kwa saa kadhaa bila kufika nyuzi 300 za Selsiasi. Hidridi ile ina uchu wa oksijeni, na huivuta polepole kutoka ndani ya utando. Haivuti yote, na hapo ndipo penye ufundi. Atomu za oksijeni zilizokaa juu na chini ya nikeli hutoka, zile za ubavuni hubaki. Kinachosalia ni ghorofa bapa za nikeli na oksijeni, na kati ya ghorofa moja na nyingine zimelala atomu za neodimi na stronti.

Mwaka 2019, kundi la Harold Hwang huko Stanford, Marekani, Danfeng Li akiwa mtafiti wa kwanza, lilipoza utando wa namna hiyo na kupima ukinzani wake wa umeme. Ukashuka, ukashuka zaidi, kisha ukatoweka: utando ulikuwa umekuwa supakondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani wowote. Kulingana na sampuli, mabadiliko hayo yalitokea kati ya kelvini 9 na 15, yaani karibu nyuzi 260 chini ya sifuri.

Kwa kipimo cha halijoto peke yake, hiyo si rekodi ya kitu chochote. Kinachonivutia mimi ni tarehe. Miaka 20 kabla ya hapo, mwaka 1999, wananadharia watatu, Anisimov, Bukhvalov na Rice, walikuwa wameandika kwamba nikeli ikilazimishwa kukaa katika hali ileile ya shaba, huenda ikatoa ndugu wa supakondakta za shaba. Inakuwaje mtu akae na karatasi na kompyuta, anyooshe kidole kwenye kitu ambacho hakijawahi kuonekana kikipitisha umeme bila ukinzani, aseme "kile pale"? Na kwa nini katika ukoo huu wa shaba kazi hiyo ni ngumu kiasi kwamba utabiri unaotimia huhesabika kwa vidole?

Pale hesabu zinapokubali

Supakondakta ya kwanza ilikuwa zebaki. Heike Kamerlingh Onnes aliipoza huko Leiden mwaka 1911, na kwenye kelvini 4.2 ukinzani ukapotea. Maelezo yalichelewa hadi 1957, pale Bardeen, Cooper na Schrieffer walipoonyesha kuwa elektroni hutembea wawiliwawili. Elektroni moja ikipita kwenye fuwele huzivuta kidogo atomu zenye chaji chanya, na kabla atomu hizo hazijarudi mahali pake, elektroni nyingine huja kuvutwa na mvuto ulioachwa. Gundi yao, basi, ni mtetemo wa fuwele yenyewe.

Uzuri wa gundi hiyo ni kwamba inakokotoleka. Ukijua atomu zimepangwaje, kompyuta inaweza kukupa mitetemo yake, nguvu ya mitetemo hiyo juu ya elektroni, na mwishowe halijoto ambayo ukinzani utatoweka. Mwaka 2014 wananadharia wa China walikokotoa kuwa msombo wa salfa na hidrojeni, H₃S, ukikandamizwa kwa gigapaskali 200, ungekuwa supakondakta kwenye takriban kelvini 191 hadi 204. Mwaka uliofuata kundi la Mikhail Eremets huko Mainz, Ujerumani, likatangaza kipimo: kelvini 203. Shinikizo lake ni kubwa mno, zaidi ya mara milioni ya lile la hewa, lakini hesabu ilisimama wima.

Mtu akiona hivyo atauliza kwa haki kabisa: kwa nini tusifanye vivyo hivyo kwa shaba?

Shaba inapogoma

Mwaka 1986, kwenye maabara ya IBM karibu na Zürich, Georg Bednorz na Alex Müller walikuta dalili za ukinzani kutoweka kwenye oksidi ya lanthani, bari na shaba, zikianzia kama kelvini 35. Mwaka uliofuata oksidi ya itri, bari na shaba ikafika 93, ikaivuka halijoto ya kuchemka kwa nitrojeni ambayo ni 77. Kufikia 1993 oksidi ya shaba yenye zebaki ilikuwa imevuka 130. Misombo hii yote huitwa kuprati, na yote ina kitu kimoja: ghorofa bapa ambamo atomu za shaba zimekaa kwenye miraba, na katikati ya kila shaba mbili ipo oksijeni.

Sasa chukua kuprati mzazi, La₂CuO₄, kabla hujaichanganya na kitu kingine. Kila shaba imepoteza elektroni mbili na kubaki na tisa katika tabaka lake la nje linalohusika, ambalo lina nafasi kumi. Kuna elektroni moja isiyo na mwenzi kwa kila shaba. Hesabu ya kawaida, ileile iliyotufaa kwenye salfa, inasema hii ni metali safi. Ukiipima, haipitishi umeme. Ni kihami.

Kosa si dogo, na halirekebishwi kwa kuongeza tarakimu. Hesabu ya kawaida humchukulia kila elektroni kana kwamba anatembea peke yake katika umati uliosawazishwa kwa wastani. Ndani ya kuprati wastani haupo. Elektroni mbili zikikutana kwenye shaba moja husukumana kwa nguvu kubwa kiasi kwamba kila moja huamua kubaki kwake. Fikiria ubao wa drafti ambao kila mraba una kete: kete ni nyingi, lakini hakuna inayoweza kusogea. Tena kila elektroni ina spini, ambayo tuiite sumaku ndogo inayoelekea juu au chini, na majirani hupendelea kupishana: huyu juu, yule chini, mpaka mwisho wa ubao. Nguvu inayowapishanisha ni kubwa, kama elektronivolti 0.13 (elektronivolti ni kipimo cha nishati), sawa na kelvini 1,500.

Ondoa kete chache. Kwa kemia hili hufanywa kwa kuweka stronti mahali pa baadhi ya lanthani, na ubao hubaki na mashimo. Sasa jirani anaweza kuhamia penye shimo, na shimo likahamia alikotoka jirani. Lakini kila hatua ya shimo huvuruga mpangilio wa juu na chini, kwa hiyo hakuna anayesogea bila kuwasumbua wenzake. Mashimo yakifikia kama 5 kwa kila shaba 100, supakondakta huanza kuonekana. Karibu na 16 halijoto hufika kileleni. Yakikaribia 27 hali yote huisha. Ukiichora, umbo lake ni la kuba.

Waswahili husema penye wengi pana mengi, na sijui methali inayoufaa mgogoro huu kuliko hiyo. Mfano mwepesi kabisa wa ubao huu uliandikwa na John Hubbard mwaka 1963, na una kanuni mbili tu: elektroni inaweza kurukia mraba wa jirani, na elektroni mbili kwenye mraba mmoja hulipa gharama. Kila mraba una hali nne: mtupu, wa juu, wa chini, au wote wawili. Miraba 16 ina hali 4,294,967,296. Ubao wa kumi kwa kumi una idadi ya hali yenye tarakimu 61, na ubao huo ni mdogo kuliko chembe yoyote ya vumbi. Kuna mbinu za kubahatisha hali muhimu badala ya kuzihesabu zote, ila elektroni zikibadilishana nafasi hesabu hubadili alama, chanya na hasi hufutana karibu zote, na jibu huzama ndani ya makosa.

Mwaka 2020 kundi la wataalamu wa kompyuta lilionyesha kwamba mfano huo mtupu, kwa nguvu za msukumano zinazofanana na za kuprati, hauonyeshi hali ya supakondakta. Elektroni hujipanga kwa milia badala yake. Mwaka 2024 sehemu ya watafiti haohao walirudi na mfano uleule, wakaongeza ruhusa ndogo ya kuruka kwa mshazari, na supakondakta ikatokea pamoja na milia. Badiliko dogo, jibu likageuka. Ndiyo maana namwonea huruma anayetakiwa kutaja halijoto ya mada halisi iliyojaa lanthani, oksijeni na kasoro za kila aina.

Utabiri uliotangulia ugunduzi

Hata hivyo, ni dhuluma kusema nadharia imekuwa ikifuata nyuma tu. Kipo kitu kimoja ilichokisema mapema na kwa usahihi: umbo la jozi. Naomba msomaji avumilie hapa, kwa sababu bila hili, neno "si ya kawaida" wanaloitiwa supakondakta za ukoo wa shaba linabaki jina tu.

Elektroni zinasukumana. Zinapataje kuungana bila gundi ya mitetemo? Jozi ya elektroni huelezwa kwa wimbi, na wimbi lina alama: chanya au hasi. Katika zebaki alama ni moja pande zote. Lakini msukumano unaotokana na spini zinazopishana una tabia ya pekee: huwa mkali zaidi unapoihamisha jozi kutoka upande mmoja wa ubao, tuseme mashariki–magharibi, kwenda kaskazini–kusini. Kama wimbi lina alama chanya upande wa kwanza na hasi upande wa pili, msukumano unakutana na alama ya hasi ndani ya mlinganyo, na hasi mara hasi ni chanya. Kilichokuwa kinatenganisha kinaunganisha. Gharama yake ni kwamba kwenye mishazari, katikati ya chanya na hasi, jozi inakuwa sifuri. Wanafizikia huliita umbo hilo wimbi la d. Na tazama lilivyo na akili: katika wimbi hilo elektroni mbili hazikai kamwe kwenye mraba mmoja, hukaa kwenye miraba ya jirani, kwa hiyo msukumano mkubwa kuliko yote hauzigusi.

Hoja hii ilichapishwa na Scalapino, Loh na Hirsch mwaka 1986 katika kazi iliyoandikwa bila kuzifikiria kuprati, maana hazikuwa zimejulikana. Zilipojulikana, mwaka 1987 Bickers, Scalapino na Scalettar waliielekeza hoja hiyohiyo kwenye kuprati.

Ushahidi uliosadikisha wengi ni wa 1993, kutoka kundi la Dale Van Harlingen huko Illinois, na wa 1994, kutoka kwa Chang Tsuei na John Kirtley wa IBM huko Yorktown Heights. Hili la pili nalipenda mno. Walichukua vipande vitatu vya fuwele vilivyogeuziwa pande tofauti na kuunganishwa pakakutana nukta moja. Juu yake wakakuza kuprati ya itri, kisha wakachonga pete ndogo nne: moja ikizunguka nukta ya makutano, tatu nyingine mahali pa kawaida. Pembe zilichaguliwa kwa makusudi ili, kama wimbi kweli hubadili alama, anayeizunguka pete ya makutano arudi alikoanzia akiwa na alama iliyopinduka. Wimbi haliwezi kupingana na nafsi yake. Njia pekee ya kujinasua ni pete kuzalisha mkondo wake yenyewe, bila kuchokozwa, wenye nusu ya kwanta, yaani kipande kidogo cha kawaida, ya mtiririko wa sumaku. Walipopitisha kipima sumaku juu ya sampuli, pete tatu zilikuwa kimya, na ya nne ilikuwa na nusu ileile.

Kufanana na shaba ni kufanana kwa nini?

Kwa kuwa halijoto haikokotoleki kwa uhakika, wananadharia walishika njia nyingine: kutafuta kitu kinachofanana na kuprati. Vipengele vyake ni ghorofa bapa za miraba, elektroni moja isiyo na mwenzi kwa kila mraba, spini zinazopishana kwa nguvu, na uwezekano wa kutia mashimo.

Kwenye jedwali la elementi, nikeli iko hatua moja kushoto kwa shaba. Ina elektroni moja pungufu, kwa hiyo ili ibaki na tisa inatakiwa ipoteze moja tu badala ya mbili. Karatasi inakubali bila taabu, nikeli yenyewe haikubali: huzoea kupoteza mbili. Wanakemia walikuwa wameitengeneza LaNiO₂ tangu 1983, na haikuonyesha hali ya supakondakta. Halafu mwaka 2004 wananadharia Lee na Pickett walisema wazi kwamba nikeli ya namna hiyo si shaba. Hoja zao zilikuwa nzito. Katika kuprati, nishati za shaba na oksijeni ziko karibu, na shimo hukaa zaidi upande wa oksijeni huku likishikamana na shaba. Katika nikeli oksijeni iko mbali, na shimo hulazimika kukaa kwenye nikeli. Pia elektroni za lanthani, ambazo zilitakiwa kuwa watazamaji, huingia mchezoni.

Ilipofika 2019, nani alikuwa sahihi? Kwa maoni yangu, pande zote mbili, na hilo ndilo linalofundisha. Nikeli ilifanya alichosema Rice na wenzake. Lakini mzazi wake si kihami kamili, na mpangilio wa sumaku uliotulia kama wa kuprati haukuonekana, sawasawa na wasiwasi wa Lee na Pickett. Vipimo vya eksirei vya mwaka 2021 vikaonyesha kuwa spini jirani bado hupishana kwa nguvu ya elektronivolti 0.064 hivi, karibu nusu ya ile ya kuprati. Kuba pia likapatikana. Motoharu Kitatani, Karsten Held wa Vienna na wenzao walilikokotoa kwa kutumia mfano wa Hubbard wenye bendi moja tu (yaani kundi moja tu la hali za elektroni), wakalichapisha mwaka 2020, vipimo vya kuba zima vilipokuwa ndiyo kwanza vinaanza kutoka. Walisema pia kwamba kuibana mada kungepandisha halijoto. Mwaka 2022, nikeleti (oksidi ya nikeli ya namna hii) yenye praseodimi ilibanwa kwa gigapaskali 12 na halijoto ikapanda kupita 30. Mwaka 2023 tando safi zaidi zilisogeza kuba la vipimo karibu zaidi na lile la hesabu.

Nisingetaka msomaji aondoke akidhani kufanana kunatosha. Mwaka 1994 Yoshiteru Maeno na wenzake waligundua supakondakta Sr₂RuO₄, yenye mpangilio uleule wa atomu kama kuprati ya lanthani, ila rutheni imekaa penye shaba. Ilifanya kazi kwenye kelvini 1 hivi tu. Rice na Sigrist walipendekeza mwaka 1995 kwamba jozi zake zina spini zinazoelekea upande mmoja, na mwaka 1998 vipimo vya mwangwi wa sumaku wa viini vikaonekana kuwaunga mkono. Kwa miaka 20 hilo likafundishwa kama mfano bora wa aina yake. Kisha mwaka 2019 watafiti wa Los Angeles wakagundua kwamba mapigo ya redio ya kipimo chenyewe yalikuwa yakiipasha sampuli moto. Walipoyapunguza, ushahidi ukaanguka.

Iko pia oksidi ya iridi, Sr₂IrO₄. Mwaka 2011 Fa Wang na Senthil walitabiri kuwa ikiongezewa elektroni itakuwa supakondakta ya halijoto ya juu. Potasiamu ilipomwagiwa juu ya uso wake, elektroni zilianza kuwa na tabia za kuprati, hata pengo la nishati lenye umbo la wimbi la d likaonekana. Dalili zote zipo isipokuwa ile moja iliyotafutwa: ukinzani sifuri.

Kisha ikaja nikeli kwa mlango ambao haukuwa ukilindwa. Mwaka 2023 kundi la Meng Wang wa Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, Guangzhou, lilibana La₃Ni₂O₇ kupita gigapaskali 14 na kukuta hali ya supakondakta karibu na kelvini 80. Hapa nikeli haina elektroni tisa, ina kama saba na nusu. Ghorofa zake mbilimbili zimefungwa pamoja na oksijeni ya katikati, ileile ambayo watu wa Stanford walihangaika kuitoa. Baadaye tando zake zilizobanwa na fuwele ya chini zikaonyesha mwanzo wa hali hiyo karibu na kelvini 40 bila shinikizo la nje.

Mgombea ninayemfuatilia kwa karibu zaidi ni fedha, iliyo moja kwa moja chini ya shaba kwenye jedwali. Mwaka 2001 Wojciech Grochala na Roald Hoffmann walieleza kwamba floridi ya fedha, AgF₂, ina elektroni tisa zilezile na tabia nyingi za oksidi ya shaba. Mwaka 2019 ikapimwa nguvu ya spini zake: elektronivolti 0.07, zaidi ya nusu ya ile ya kuprati. Tatizo ni kwamba ghorofa zake zimekunjamana, na hesabu zinaonyesha kuwa shimo likiingizwa humo, fuwele hujipinda kulizunguka na kulifungia mahali pamoja. Shimo lisilosogea halibebi umeme. Pendekezo la wananadharia ni kuacha kipande kizima na kukuza tabaka moja tu la AgF₂ juu ya fuwele nyingine ya floridi, ili fuwele ya chini iinyooshe ghorofa iwe bapa na shimo lipate kutembea.